Magharibi ya Adhuhuri

Mama alikataa uji siku ya kwanza ya Ramadhani, akakataa ya pili, na ya tatu alianguka chooni. Nilimvuta peke yangu mpaka kitandani. Mabega yake yalikuwa mepesi, nikaogopa.

Ana sukari ya miaka mingi. Ilianza na miguu, ikaja ikamla macho, sasa anaona giza tupu. Daktari alisema mbele yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba yeye hafungi tena: sindano na tumbo tupu haviendi pamoja, na akizimia bila ya mtu karibu huenda asizinduke. Kaka yangu Machano, ambaye yuko na biashara yake Mwanakwerekwe na wanawe watano, akampigia sheikh simu na kuifungulia sauti. Sheikh akamweleza mama kwa upole kwamba mgonjwa amepewa ruhusa, ni rehema, aipokee. Mama akawa anaitikia naam, naam, kwa adabu zote. Simu ilipokatika akanambia nilifunike lile bakuli.

"Nna deni, Tabia," akasema. "Zile saumu nilizokula nilipokuzaa wewe sijazilipa zote. Niende nazo, na hizi tena?"

Nilimjaribu kwa kila kitu. Supu ya kuku wa kienyeji aliyeletwa na Machano, nikaikamulia ndimu mlangoni ili harufu imfikie. Chai ya mchaichai. Maji ya dafu. Muhogo wa nazi uliopondeka mpaka hauna haja ya meno. Zaidi nilimpikia uji wa mchele mwembamba, wenye pilipili manga na tui, kwa sababu ndio aliokuwa akinipa mie nilipougua surua. Alikuwa anaonja yeye kwanza kila kijiko, kwa ncha ya mdomo, halafu ndo ananipa. Nakumbuka ule mdomo kuliko nnavyoikumbuka homa yenyewe.

Akawa anageukia ukutani. Nakaa na bakuli mpaka uji unafanya ngozi juu.

Siku ya nne alikuwa katika ule usingizi wa udhaifu, si kulala si kuwa macho. Adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa nyuma yetu, ikapokewa na mingine ya Mkunazini, na yeye akashtuka.

"Magharibi?" akauliza.

Wallahi sikupanga. Nilikuwa nimekaa chini, nimeegemea kitanda, nnamtazama anavyopumua. Nikasema ndiyo, mama, magharibi.

Akanyanyua mikono akasoma dua ya kufuturia. Nikamchoma sindano, nikampa kipande cha tende, kisha uji, na akala. Alikula mpaka nikamsikia anakwangua bakuli. Halafu akaswali rakaa tatu pale pale kitandani, na mie nimesimama dirishani, jua limewaka juu ya mabati ya watu, nnazisikiliza zile rakaa moja moja zikiniingia kifuani.

Kesho yake nikafanya vile vile. Alaasiri nikaigeuza ishaa. Na magharibi ya kweli ilipofika, yeye ameshalala na kuamka, ikawa ni magharibi ya siku nyengine, akala tena. Mwezi wake ukawa unakwenda mbio kuliko wetu. Sisi hatujamaliza kumi la kwanza, yeye ananiuliza nguo za sikukuu.

Lakini uso ulirudi. Akaanza kuuliza khabari za watu. Akanitania kwamba uji wangu hauna chumvi na hapana mwanamme atakayeuvumilia. Nikacheka, halafu nikaenda jikoni kulia, kisha nikarudi kumwosha miguu.

Kilichokuja kutusumbua ni sahani. Chini yetu anakaa Bi Ulfat, na tangu nna akili zangu hakuna Ramadhani aliyopitisha bila ya kutupandishia bajia zake jioni, zimefunikwa kitambaa, moto. Mama ndo saa yake hiyo: harufu ya mafuta uchochoroni, halafu hodi, halafu adhana.

"Ulfat kaingiwa na nini?" akanambia. "Siku moja analeta, siku moja haleti. Tumemkosea?"

Nikasema ana mafua. Mama akavuta hewa kwa pua. Akasema mtaa mzima basi una mafua, maana kuna siku hapanuki hata kitunguu.

Sikulala vizuri kwa maneno yale. Nikaona akishajua tu, mdomo ule utafungwa na sitaufungua tena. Basi kesho yake, kabla ya adhuhuri, nikaroweka choroko, nikasaga, nikakata kitunguu na kotmiri, nikabandika karai la mafuta. Mie mwenyewe nimefunga. Nikafungua madirisha yote ili harufu itoke, izunguke, irudi kwake kama inatoka kwa watu.

Adhana ikalia. Nikamchoma sindano, akasoma dua yake, nikamshikisha kijiko. Uso ulikuwa umetulia kabisa.

"Leo wamepika," akasema.

Ikabishwa hodi.

"Huyo, kaja na sahani yake. Mfungulie."

Bi Ulfat hakuwa na sahani. Alikuwa na ushungi umemwenda upande na anahema kwa ngazi.

"Tabia, mwanangu, ndo nini hii? Adhuhuri, mchana wa Ramadhani, mafuta yananuka mpaka barabarani. Watu wamefunga."

Nilishaweka kidole mdomoni, lakini hakuniangalia mie, aliangalia ndani. Akamwona mama, kijiko kiko njiani. Nikaona anavyoelewa. Akauvuta ushungi akauziba nao mdomo wake, akateremka ngazi kwa kinyumenyume. Sikumchukia. Angejuaje.

Mama alikirudisha kijiko bakulini, taratibu, bila ya kumwaga.

Nikaanza kusema, akanambia ninyamaze. Akaweka kiganja juu ya shuka, pale pale jua la dirishani lilipokuwa limeangukia.

"Nilijua, tangu siku ya pili. Magharibi gani isiyokuwa na mbu hata mmoja?"

"Sasa mbona ulikuwa unakula?"

"Nna njaa, mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Mie sioni. Wewe ulisema magharibi, nikasema nimeambiwa. Sasa nshasikia kwa mtu mwengine."

Akaomba maji ya kusukutua.

Na sindano nilikuwa nimeshaichoma. Sindano ikishaingia haitoki, na inataka chakula. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia daktari, nikamwambia sheikh, nikamtaja Machano na wajukuu. Akawa anatikisa kichwa tu. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo, vidole vikaanza kutetemeka, na mie nazijua hizo dalili kama nnavyolijua jina langu. Nikakisukuma kijiko kwenye midomo yake. Uji ukateremka kidevuni, ukaingia shingoni. Nikamfuta, nikajaribu tena, ukateremka tena, na nikajiona sina tofauti na mtu anayempiga mama yake.

Nikakaa kitandani. 

"Basi na mie nakula," nikasema. "Kama ni deni tudaiwe sote."

Nikachota. Nikakigonga kijiko kwenye meno yangu ili asikie kwamba simdanganyi, na kweli sikuwa nnamdanganya. Uji ulishagusa mdomo.

Mkono wake ukanidaka kifundo cha mkono. Sikujua kama ile nguvu bado anayo. Macho yale yasiyoona yalikuwa yamefunguka yote.

"Usithubutu. Wewe una uzima wako. Usinibebeshe na deni lako."

"Basi kula wewe."

Hakuniachia. Alikuwa anapumua kwa taabu, na machozi yanateremka pamoja na jasho, sikuweza kuyatenganisha. Nje palikuwa kimya, mtaa umepumzika na saumu yake. Bajia jikoni zilikuwa zinapoa, hakuna wa kuzila.

Kisha akauvuta ule mkono wangu, na kijiko chake, mpaka karibu na mdomo wake. Hakusoma dua.

"Nambie kweli," akasema. "Saa ngapi?"

"Saa saba mchana, mama."

Akafungua mdomo.