Bibi wa Kibaoni Aonja Mkate wa Tangawizi

Alfajiri mwokaji aliwasha tanuri, akafagia mlangoni, akaegemeza ngazi ukutani ili Bibi ashuke kutoka kibaoni. Kibao kilikuwa cha kampuni, na Bibi aliyechorwa juu yake, mwenye kilemba cheupe na tabasamu, alitajwa kwenye mkataba pamoja na tanuri na aproni za kijani. Alishuka akilalamikia magoti, akaonja mkate wa kwanza, akasema chumvi iko sawa. Saa hiyohiyo alikuwa akishuka na kuonja katika matawi mengine yote.

Zamani, duka lilipokuwa na jina la mwokaji mwenyewe, mikate ilimlalia na nzi ndio walikuwa wateja wa kudumu. Alipolipia haki ya kutumia jina la kampuni, foleni ilifika barabarani kabla hajafungua mlango, maana watu walishamjua Bibi kwingineko. Alifundishwa kazi, akaletewa unga kwa bei nafuu, na tanuri likiharibika fundi alikuja. Mumewe alinenepa. Lakini kila mwezi kampuni ilikata fungu lake, biashara iwe nzuri iwe mbaya, na kuongeza hata ufuta ilikuwa marufuku. Mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwa watu, tena kwa kiingilio.

Kilichomponza ni ukarimu. Asubuhi moja ya baridi alimkatia Bibi kipande cha mkate wa tangawizi aliopewa na mama yake.

"Nani kaoka huu?"

"Mama. Kula kimyakimya, Bibi, tafadhali."

Bibi akafumba macho kwa utamu. Kwa kuwa ni mmoja tu, alifumba macho katika matawi yote, wateja wakamuuliza anakula nini, naye hajui kuficha.

Jioni akaja mkaguzi wa kampuni, mtu mpole mwenye tai.

"Hongera, dada. Mkate wa mama tumeupenda. Kuanzia Jumatatu utauzwa matawi yote."

"Na mama atapata nini?"

"Mkataba unasema kinacholiwa chini ya kibao ni mali ya kibao."

Mwokaji alimgeukia Bibi.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," Bibi alisema. "Hata mkate wa maziwa wanaouuza ulikuwa wangu. Mimi walinipa kilemba."

Mkate ulinunuliwa kwa kugombaniwa. Mwokaji aliona fahari, na roho ilimuuma, yote mawili kwa pamoja.

Wiki iliyofuata mkaguzi alifuata harufu hadi jikoni kwa mama mtu, akamweleza kwa heshima zote kwamba mkate ule sasa ni wa kampuni. Kama anataka kuendelea kuuoka, alipe ada na atundike kibao. Mama alilipa. Kibao kikapigiliwa juu ya jiko, na tangu hapo Bibi hushuka huko pia. Wazee hao wawili hunywa chai na kulalamikia magoti mpaka mchana. Mama alikuwa mpweke tangu afiwe na mumewe, na amempenda kwelikweli mwenzake huyo.

Juzi Mama alitia tangawizi kwa kukadiria kwa kiganja, kama alivyofanya tangu usichana wake. Bibi alionja, akameza, akaweka kipande chini.

"Umezidisha, mwenzangu," alisema kwa upole. "Sio hivi unavyookwa."

Mama akaomba radhi, akakanda upya.