Mtani wa Chumba cha Sindano

1.

Redemta alikuwa akijipaka mafuta baada ya kuoga. Mkono ukasimama kwapani.

Kitu.

Kigumu, kidogo, kama punje ya

2.

TANGAZO KWA WAGONJWA
Aliyewahi kutibiwa saratani ya titi akihisi uvimbe mpya, afike kliniki mapema. Atapangiwa muuguzi maalumu atakayekuwa naye hadi majibu yatoke. Ni marufuku kula benchini.

3.

Benchini, mgonjwa wa kando yake:

"Chukua mhogo, mama. Majibu hayasubiriwi kwa njaa."

4.

Muuguzi maalumu alikuwa binti mnene, mwenye kucheka kabla ya kusema.

"Mbano," akasoma jina kwenye faili. "Mngoni wa Songea?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi Kalinga, Mhehe wa Iringa. Basi umekwisha. Wamekukabidhi kwa mtani."

Tangu alipotolewa titi la kushoto, watu walimsemesha Redemta kwa sauti ya chini, kama wanaogopa kumwamsha mtoto. Huyu alimsemesha kama mtu aliye hai. Redemta akampenda palepale.

"Bora nimemfungia mbwa wangu ndani, nyie Wahehe mngemla," akasema.

5.

Waliyoambiana wakati kinyama kilichokatwa kwapani kikiwa maabara:

— Sindano haiumi. Ni nyie Wangoni tu mnapenda kulia.

— Ukifa nakuja msibani kuchukua hicho kitenge chako cha njano. Nakivaa hapohapo.

— Kwa makalio hayo? Utakipasua.

— Nipigie saa yoyote, mama. Hilo si utani.

6.

Wewe msomaji, kama hukulelewa na watani, utaona hayo ni matusi. Lakini anayekutania kifo chako ndiye atakayeshika jembe siku ya kaburi. Ana haki ya kucheka, maana hatakimbia.

7.

Ujumbe wa binti yake: *Mama, uko na nani huko?*

Jibu: *Na Mhehe wangu.*

8.

Siku ya majibu. Kalinga alikuja taratibu, akasimama mbele ya benchi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo?

Tangu lini?

Redemta aliogopa.

"Yamekuwa mabaya?"

"Sijui. Daktari alitaka kuniambia kwanza, nikakataa. Nimeona tuyasikie pamoja." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Leo utani umenishinda, mama. Nisamehe."

Kumbe na yeye alikuwa

Redemta akainuka. Akamfuta binti yule uso kwa ncha ya kitenge cha njano.

"Kalinga."

"Abee."

"Kitenge hiki hukipati. Nitakizeekea mwenyewe."

Kalinga akacheka, pua imejaa kamasi. "Mngoni mchoyo."

"Mla mbwa. Nishike mkono, tuingie."

9.

Mlango.

"Karibuni," daktari akasema. "Kaeni."

Kulikuwa na kiti kimoja cha mgonjwa. Wakakikalia wote wawili, nusu kwa nusu, wakisukumana.

"Sogeza makalio, Mhehe."

"Haya, daktari," Kalinga akasema. "Tuambie."