Chupa Zisizo na Lebo

Makaa ya mawe yaliisha alasiri, na mshale wa geji ulikuwa haujafika hata karibu na alama nyekundu. Sanavbar aliigonga geji kwa kidole, akafungua mlango wa tanuri, akachungulia. Majivu matupu. Alizoa mabua ya pamba yaliyokuwa yameegemezwa ukutani, akayasukumiza yote ndani. Moto ulivuma, ukapanda, ukafa. Mshale haukusogea.

Ndani ya tangi la mvuke mlikuwa na chupa za mdomo mpana, zimejaa biringanya na pilipili hoho zilizokaangwa na kusagwa. Kazi hii Sanavbar alifundishwa na wanawake waliomtangulia, enzi ambazo karakana hii ya kufungia vyakula ilikuwa bado mali ya serikali. Biringanya si nyanya, walimwambia. Nyanya ina uchachu wake unaoilinda. Biringanya inataka mvuke uliobanwa, tena kwa muda wake kamili, la sivyo kuna kitu kinabaki hai chini ya kifuniko, na kitu hicho hakina harufu wala ladha.

"Toa," alisema Haji Nusratullo, mwenye karakana, kutoka mlangoni.

"Bado, Haji. Geji imekataa kupanda."

"Umeonja kabla ya kufunga?"

"Nimeonja."

"Ilikuwa imeiva?"

"Kuiva imeiva, lakini..."

"Basi imeiva. Lori liko nje na dereva ananidai pesa ya kusubiri. Nikamwambie nini? Kwamba kuna mwanamke humu anabembeleza geji?"

Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu waliangua kicheko. Sanavbar naye alicheka kidogo, kisha akazungusha vali, mvuke ukatoka.

"Na makaa ya kesho, Haji?"

"Makaa yatakuja yakija. Wewe umeajiriwa kufanya kazi au kuuliza?"

Wiki ile mshahara ulitolewa kwa chupa, kama ulivyotolewa mwezi uliotangulia. Za lori zilibandikwa lebo yenye picha ya mlima na jua. Za wafanyakazi hazikubandikwa kitu. Lebo ni kodi, alisema Haji, na yeye hawezi kuwalipia watu kodi ya chakula chao wenyewe. Sanavbar alizipanga kwenye kigari cha watoto, kilekile kilichowabeba wanawe watatu, akakisukuma hadi mtaani kwao, Sarijui, gurudumu moja likilia njia nzima. Mume wake alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi, na simu yake ilikuwa imeacha kuita. Chupa mbili zilimpatia unga. Tatu zilimpatia viazi.

Nyumbani kwake biringanya hiyo haikuliwa kabla ya kupita jikoni. Aliimimina kwenye sufuria, akaichemsha mpaka ikaruka na kuchafua ukuta.

"Mama, wenzetu wanakula ya baridi," alinung'unika binti yake. "Wanapaka tu kwenye mkate."

"Sisi tunakula ya moto."

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Bibisoro, mke wa Mirzo fundi viatu. Mirzo alimshonea Sanavbar buti zake za baridi, na Sanavbar hakuwa na hela. Alipeleka chupa mbili. Bibisoro alizipokea uani, akainua moja juani, akatazama rangi yake.

"Mimi biringanya sijawahi kuthubutu kufungia," alisema. "Nyanya, cheri na matango ya siki, basi. Nyinyi mna mitambo. Hii inaliwa vivi hivi, dada?"

Nozanin, binti yake wa pekee, alikuwa ameshakata mkate na amesimama ameushika mkononi.

Sanavbar aliutazama ule mkate. Akisema ichemshwe, ataulizwa kwa nini. Na Bibisoro alikuwa mwema, lakini hakuwa mtu wa kukaa na neno. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ungejua kwamba chupa za Haji zina walakini, na kesho yake mwanamke mwingine angekuwa amesimama mbele ya tangi.

"Inaliwa vivi hivi," alisema. "Paka tu kwenye mkate."

Kesho yake jioni Mirzo alimwita juu ya ukuta. Alikuwa anacheka, lakini cheko la mtu aliyepata wasiwasi.

"Njoo umwone mwenzako. Anasema ananiona wawili. Nimemwambia ashukuru, wengine hata mmoja hawana."

Bibisoro alikuwa amekaa kwenye godoro, kope zimemwangukia kama mtu mwenye usingizi mzito. Alitaka kusema kitu, sauti ikatoka puani. Alijaribu kunywa chai, chai ikamrudia. Muuguzi wa zahanati alisema ni uchovu, akampa vitamini. Asubuhi Nozanin naye aliamka akilalamika kwamba herufi za kitabu chake zimepandana.

Sanavbar aliyasikia yote hayo akiwa amesimama. Aliwaambia wawakimbize hospitali ya mkoa. Alisema pia kwamba ni kitu walichokula. Kitu gani, hakusema.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mwenye macho mekundu. Alielewa mara tu alipowafunua kope.

"Kuna dawa ya kuzima sumu hii ya vyakula vya chupa," alimwambia Mirzo. "Iko mji mkuu. Kama iko."

"Hapa hamna?"

"Kwenye hesabu za hospitali, ipo. Kwenye friji, mzee wangu, hamna."

Mashine ya kupumulia ilikuwa moja tu. Walimwekea mtoto. Bibisoro alitiwa bomba kooni, na mwisho wa bomba kukawa na mfuko wa mpira, na ndugu wakaonyeshwa jinsi ya kuubana: bana, achia, hesabu, bana. Walipeana zamu. Mirzo, shemeji yake wa kike, binamu, kisha Sanavbar.

"Akili yake ni nzima," daktari alisema akipita. "Anasikia kila kitu. Zungumzeni naye."

Kwa hiyo ilipofika zamu yake, na wengine wakawa wamelala kwenye viti vya korido, Sanavbar aliinama. Vidole vilikuwa vinamuuma kwa kubana. Uso wa Bibisoro ulikuwa umetulia, laini, hauna mkunjo hata mmoja, kwa sababu hakuna msuli uliokuwa unamtii tena.

"Nilijua," Sanavbar alinong'ona. "Tangi halikupanda. Nilijua uliponiuliza."

Bana. Achia. Alingoja. Chini ya kope la kushoto chozi lilitokea, likateleza hadi sikioni. Huenda lilikuwa chozi tu la jicho lisiloweza kufumba vizuri. Sanavbar alilifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akaendelea kubana.

Bibisoro alikufa mchana, kwenye zamu ya shemeji yake. Shemeji aliendelea kuubana mfuko kwa muda kabla ya mtu kuja kumshika mikono. Dawa ilifika kwa gari kesho yake. Mtoto akadungwa.

Sanavbar alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha marehemu. Mirzo alimshukuru mbele ya watu. Alisema jirani kama huyu ni zaidi ya ndugu.

Wapelelezi walifika uani kwa Mirzo, wakakuta chupa mbili tupu zisizo na lebo, na kwenye ghala, rafu kwa rafu, chupa alizofunga Bibisoro mwenyewe. Mirzo, ambaye hakuwa ameionja, aliwaambia kwamba biringanya ilitoka karakanani. Mmoja alimuuliza ana ushahidi gani. Chupa ni chupa, alisema. Mke wako alikuwa na rafu nzima.

Jioni ile Haji Nusratullo alimwita Sanavbar ofisini, akamkaribisha kiti na kummiminia chai ya kijani kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

"Pole sana kwa jirani, dada. Nimetuma mchele na kondoo wa pilau ya matanga."

"Haji, ni zile za siku makaa yalipoisha."

"Makaa yaliisha lini?"

Sanavbar alirudisha kikombe mezani.

"Mimi nauliza tu," alisema Haji kwa upole. "Siku hiyo unayoitaja, nani alikuwa kwenye tangi?"

"Mimi."

"Nani alizungusha vali?"

"Wewe ulisema..."

"Mimi husema mengi. Nauliza mkono ulikuwa wa nani." Alimsogezea bakuli la peremende. "Na nani alizipeleka kwa yule marehemu? Ukinitaja mimi, dada, kwanza umejitaja wewe. Wanao ni watatu, siyo? Mkubwa anamaliza shule lini?"

Chai ilipoa. Nje, wanawake walikuwa wanashusha magunia ya biringanya kutoka kwenye trekta, wakiitana na kutaniana.

"Lile lori," Sanavbar alisema mwishowe. "Zile zenye lebo. Zilikwenda wapi?"

"Mbali," alisema Haji.

Wilaya ilitoa tangazo: mama mmoja mzembe wa Sarijui amejiua na nusura amuue mwanawe kwa vyakula alivyofungia nyumbani. Chupa zote za majumbani zikusanywe na kuharibiwa. Wanawake wafundishwe. Na mwalimu, mwenyekiti wa mtaa alisema huku akijipongeza kwa wazo hilo, hatatoka mbali: tunaye wetu, mtu wa tangi, mtaalamu.

Hivyo Sanavbar akajikuta amesimama kando ya mfereji, mbele ya wanawake wa mtaa wake, bega kwa bega na bibi wa afya aliyetoka wilayani na kipaza sauti chake. Wanawake walikuwa wameleta chupa zao kwa mikokoteni, kwa mabeseni, kwa mablanketi. Chakula cha majira yote ya baridi. Mmoja alilia waziwazi. Mwingine aliuliza serikali itawapa nini badala yake, na bibi wa afya akajibu kwamba itawapa uhai.

"Na dukani je?" alidakia kikongwe mmoja. "Zile zenye picha ya mlima?"

"Hizo zina lebo, bibi. Zimekaguliwa."

Mirzo alikuja wa mwisho, mkokoteni umejaa. Nozanin alitembea nyuma yake ameshika shati lake. Alikuwa ametoka hospitali juzi tu. Mirzo alianza kushusha chupa moja moja. Nyanya nzima nzima, hazijapasuka. Matango yamesimama wima kama askari. Maji ya chupa yalikuwa maangavu kabisa. Alishika moja, akamsogelea Sanavbar, akamwonyesha.

"Wewe ndiye unayejua mambo haya, dada," alisema. "Watu wanasema marehemu alikuwa mchafu. Mama yangu mzazi anasema. Niambie mimi, ili nijue. Alikosea wapi?"

Maji ya mfereji yakasikika.

"Hakukosea," alisema Sanavbar.

Sauti ilitoka ndogo. Mirzo aliinamisha sikio. "Unasemaje?"

Sanavbar aliona, nyuma ya bega la Mirzo, gari la Haji limesimama kwenye kivuli cha miti ya popla, kioo kimeshushwa. Aliwaona pia wanawake waliokuwa karibu, karibu wote wa karakanani, mikono yao bado myeusi kwa maganda ya biringanya. Hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wakitazama chini, kila mmoja, wote waliolipwa kwa chupa zilezile, na akajua kwamba hakuna asiyejua.

"Anasema hakuchemsha vya kutosha," kipaza sauti kilinguruma. "Mmesikia, akina mama? Hakuchemsha vya kutosha!"

Mirzo aliendelea kumtazama Sanavbar, akingoja. Alingoja kiasi cha kutosha neno moja kusemwa. Kisha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei na kuikubali, akageuka na kuipigiza ile chupa kwenye jiwe la ukingo. Nyanya zikamwagika mferejini. Akashika nyingine.

Maji yalikuwa mekundu hadi kwenye kona, ambako watoto walikuwa wameanza kuokota vifuniko.

Nozanin alisimama kando ya mkokoteni. Kope zake zilikuwa hazijapata nguvu bado, zilimfunika macho. Aliinua mkono, akashika kope la jicho moja kwa kidole, akaliinua, akalishikilia hapo ili aone. Alitazama chupa ya cheri iliyokuwa mkononi mwa baba yake.

"Hiyo ni ya sikukuu ya Navruzi," alisema. "Mama alisema hiyo tusiiguse."