Mume wa Machozi

Gauni lililetwa asubuhi na watu wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, kama wanaobeba mgonjwa. Fundi Baridi aliwafungulia mlango, akawasogezea meza, kisha akaombwa asogee na yeye.

"Samahani, baba," alisema mpambaji, binti mwembamba aliyebana pini midomoni. "Mkia wa gauni unataka nafasi."

Sebule yenyewe ilikuwa ndogo. Walitoa kiti kimoja nje, kikafuata cha pili, na mwishowe Fundi akajikuta amesimama kwenye karakana yake mbele ya nyumba, katikati ya majokofu ya watu, akimsikiliza mkewe kupitia pazia. Alisikia zipu ikipanda polepole. Alimsikia mpambaji akisema, "Usivute pumzi mpaka nikwambie." Halafu kimya.

Mtaani walimwita Fundi Baridi kwa sababu alitengeneza majokofu, na kwa sababu ya upole wake pia. Ukimtukana alicheka; ukimsifu alikuuliza kama friji lako bado linavuja. Mkewe walimwita Machozi. Jina hilo alilipata kwenye filamu, maana alijaliwa kulia machozi ya kweli, bila kitunguu, papo hapo mwongozaji akisema "haya." Kwa miaka mingi kipaji hicho hakikumfikisha mbali. Alikuwa jirani mmbeya, msichana wa kazi, mfiwa wa mstari wa nyuma. Safari moja aliigiza maiti, na Fundi akaenda kuitazama filamu ile akamgusa bega mtu aliyekaa kando yake. "Yule aliyelala pale ni mke wangu," akamwambia, kwa fahari kabisa.

Na ni Fundi aliyemshikia karatasi miaka yote hiyo alipokuwa anakariri. Alimsomea maneno ya wanaume huku bisibisi ikiwa nyuma ya sikio, mapenzi na matusi kwa sauti ileile moja, mpaka Machozi akashika mbavu. "Wewe ukitongoza na ukitangaza msiba ni mamoja," alikuwa akimwambia.

Kisha akapewa nafasi ya mwanamke mlinzi wa kituo cha treni, na nyota yake ikawaka. Filamu ilipendwa kila ilikofika. Machozi akateuliwa kugombea tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Tangu hapo nyumba ikawa haina mwenyewe. Walikuja watu wa kumpiga picha, watu wa kumfundisha kutembea, watu wa kumfundisha kujibu. Mume na mke wakawa wanapishana mlangoni kama walinzi wa zamu mbili, huyu anaingia, yule anatoka, "Umekula?" "Nimekula," basi.

Ndiyo maana Fundi aliitegemea sana siku ya kutolewa tuzo. Mbunifu wa mavazi alikuwa amemkatia tai na leso ya mfukoni kutoka kwenye jora lilelile la gauni, hariri ya kijani iliyokolea kama jani la mgomba baada ya mvua. "Mkisimama pamoja mtaonekana kitu kimoja," mpambaji alimwambia siku ya kumpima suti. Maneno hayo Fundi aliyaweka moyoni. Aliporudi nyumbani alijifungia bafuni, akajifunza kusimama, mkono mmoja ukiwa kama umezunguka kiuno cha mtu, na kutabasamu bila kuonyesha jino lililong'oka.

Pazia likafunguliwa. Machozi alisimama katikati ya sebule iliyobaki tupu. Gauni lilimbana kutoka kifuani hadi magotini, kisha likafunguka na kutambaa sakafuni mpaka mlangoni.

"Vipi?" akauliza.

Fundi alikuwa na mengi ya kusema. Likatoka ambalo hakulitaka.

"Unaweza kukaa?"

"Siwezi."

"Sasa utakulaje?"

Wote wakacheka. Machozi naye akacheka, kidogo tu, kadiri gauni lilivyomruhusu.

Kwa kuwa hakuweza kukaa, walimletea gari la mizigo lililotolewa viti vyote, akasafiri amesimama huku ameshika kamba iliyofungwa darini. Fundi aliweka mguu ngazini ili apande naye, walau amshike kwenye mashimo. Mpambaji akamzuia.

"Baba, utaukanyaga mkia. Njoo na gari la nyuma."

Akaja na gari la nyuma, pamoja na maboksi ya viatu. Njia nzima alikitazama kichwa cha mkewe kwenye kidirisha cha gari lililotangulia, kikiyumba kila walipopita tuta. Waliposimama kwenye taa aliinua mkono kumpungia. Shingo ya Machozi haikuweza kugeuka.

Jua lilikuwa bado linawaka walipofika. Zulia lilikuwa jipya, jekundu, bado linanukia gundi, limetandikwa kutoka barabarani hadi mlango wa ukumbi. Upande mmoja wapiga picha walisongamana nyuma ya vyuma, wengine wamepanda ngazi. Upande wa pili kulikuwa na ukuta mrefu wa kitambaa wenye nembo za wadhamini. Fundi alishuka, akanyoosha tai, akaelekea aliko mkewe. Kijana mmoja mwenye waya sikioni akamwekea mkono kifuani.

"Wewe ni nani wake?"

"Mume."

"Umo kwenye filamu?"

"Hapana."

"Basi pita huku nyuma, mzee wangu. Mtakutana ndani."

Alisema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyommaliza Fundi. Angesukumwa pengine angesukuma. Alimtazama mkewe. Mpambaji alikuwa amepiga magoti akiutandaza mkia, na Machozi alikuwa ametazama mbele, kidevu juu, kama alivyofundishwa. Fundi akasema, "Haya," akapita alikoelekezwa.

Nyuma ya ukuta ule hapakuwa na zulia wala nembo. Palikuwa na nguzo za chuma, nyaya, na makreti ya maji. Taa za upande wa pili zilipenya kitambaa, na waliopita zuliani walionekana kama vivuli vikubwa. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa juu ya kreti, amepakata miwani ya kiume.

"Wako ni yupi?" akamuuliza Fundi.

"Huyo anayeingia sasa. Mwenye gauni refu."

"Wangu ni yule jambazi. Anaua watu kila filamu, na nyumbani akiona panya anapanda kitandani." Akaiinua ile miwani. "Hataki kupigwa picha nayo. Hapo anatembea haoni hata mlango. Nikisikia mtu ameanguka, nitajua ni mwanangu."

Fundi akatabasamu. Wakati huohuo kelele zikapanda. "Machozi! Machozi, huku! Geuka kushoto! Machozi, bega!" Kivuli cha gauni kikapita kwenye kitambaa, kikasimama usawa wa pale alipokuwa. Angenyoosha mkono angekigusa. Kikageuka, kikatulia. Halafu sauti ya mtangazaji ikasikika wazi kabisa kupitia kipaza sauti:

"Umependeza kupita kiasi! Na leo umekuja na nani?"

Pakapita kitambo kidogo.

"Nimekuja peke yangu," Machozi akajibu.

Watu wakashangilia. Kivuli kikaondoka.

Yule mama mzee aliitazama tai ya Fundi, akayageuza macho. "Huwa wanasema tu, baba," alimwambia baadaye. "Wangu mwaka jana aliwaambia hana wazazi, amejilea mwenyewe mitaani. Na mimi nilikuwa hapahapa, nimeshika miwani."

Fundi alicheka ili asimwaibishe.

Ndani alipewa kiti cha juu kabisa, karibu na mlango wa nyuma. Machozi alikuwa mstari wa mbele. Gauni lilikuwa limefunguliwa mishono ya nyuma ili aweze kukalia ncha ya kiti. Wahudumu wa ukumbi nao walivaa tai za kijani, na watu watatu kwa nyakati mbalimbali wakamuuliza Fundi choo kiko wapi. Yule wa tatu Fundi alimwelekeza vizuri kabisa, maana wale wawili wa kwanza alikuwa amekwenda kuwatafutia.

Tuzo ikatajwa. Alipewa mwingine. Uso wa Machozi ukajaa kwenye kioo kikubwa, akipiga makofi, akitabasamu, meno yote nje, na ukumbi mzima ukaamini. Fundi hakuamini. Alimjua akiumia: jicho la kushoto huwa linapepesa peke yake. Akainuka, akashuka ngazi kwa haraka. Mhudumu akamwomba tiketi.

"Kiti chako ni cha juu, kaka."

"Nataka kumwona mke wangu mara moja tu."

"Wote wana wake zao, kaka. Subiri iishe."

Hakusubiri. Aliandika ujumbe kwenye simu, "Nimetangulia nyumbani," akatoka.

Machozi alirudi kesho yake saa ya chai, amevaa fulana ya kuazima na kandambili za hoteli. Gauni lilikuwa limeshachukuliwa. Kulikuwa na mwingine wa kulivaa mahali pengine. Alikaa mezani, akaushika mgongo wa kiti kama mtu aliyesahau kwamba kukaa kunaruhusiwa. Fundi akammiminia chai.

"Pole," akamwambia.

"Ya nini? Ya tuzo? Nimeshapoa." Akapuliza chai. "Kwa nini uliondoka?"

"Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Walipokuuliza umekuja na nani."

Machozi akaweka kikombe chini. "Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya kile kitambaa. Hapo hapo ulipokuwa umesimama."

"Na mbona hukutokea?"

"Waliniambia nipite kule."

"Na wewe ukapita." Hakupandisha sauti. "Mimi nilifundishwa, nikifika katikati nigeuke, ninyooshe mkono, wewe uushike. Niligeuka. Niliunyoosha. Utauona magazetini, uko hewani kama wa ombaomba. Wakaniuliza nimekuja na nani. Ulitaka nimtaje nani?"

"Ungesema una mume."

"Hawakuniuliza kama nina mume."

Huko nje mtu aligonga karakana, akagonga tena, akaenda zake.

"Siku moja tu," Machozi akasema. "Siku moja tu ungegoma. Ungesema, sipiti huko, napita na mke wangu. Ningekuona mwanamume wa dunia nzima."

Kisha akalia. Fundi alikuwa amemwona akilia mara nyingi, kwenye vioo vikubwa na vidogo, lakini si hivi, pua ikitiririka na mdomo umepinda, pasipo sauti. Alitaka kumshika. Akahofia asije akamkosea. Akainuka, akaenda kumletea taulo, na aliporudi mkewe alikuwa ameshajifuta kwa kiganja, anazungumza na simu, anamwambia mtu, "Ndiyo, ndiyo, naweza kuja leo."

Kumbe gauni lile lilisemwa kila kona. Tuzo alipata mwingine, kazi akapata Machozi. Haukupita muda mrefu akaitwa nchi nyingine kuigiza tamthilia ndefu. Hawakuachana. Yeye mwenyewe alimwambia Fundi, "Njoo nawe, mafriji yapo kila mahali." Fundi akasema atafikiria, na alifikiria kweli, kwa muda mrefu, mpaka swali lenyewe likaacha kuulizwa. Machozi hupiga simu jioni. Humsimulia vyumba anavyolala, watu anaokutana nao, na jinsi saa za huko zisivyolingana na za nyumbani. Fundi humsikiliza mpaka mwisho, halafu humuuliza kama amekula.

Majirani walianza kugundua jambo. Majokofu yaliyopona hayakutoka tena karakanani kwenda kwa wenyewe mapema. Aliyachukua moja moja, akayaingiza sebuleni pale palipokuwa na meza, akayachomeka umeme. Mwalimu mmoja alikuja kufuata lake akalikuta linanguruma vizuri, tupu, na kiti kimewekwa mbele yake.

"Fundi, si uliniambia limepona wiki iliyopita?"

"Limepona."

"Sasa mbona bado liko hapa?"

Fundi aliweka mkono juu ya mlango wa lile friji.

"Niachie mpaka Jumamosi, mwalimu," akasema. "Nyumba hii ina ukimya mwingi."

Mwalimu akamtazama, akatazama sebule, akamwambia hakuna haraka.