Sauti Iliyouza Kompyuta

Mjomba wangu hajaona tangu utotoni, lakini vidole vyake vina macho. Kwa miaka kumi na mmoja alisikiliza rekodi za kesi na kuziandika kwenye kompyuta, huku programu ikimsomea kila neno aliloliandika, kwa Kiswahili safi.

Mimi kazi yangu ni kusoma matangazo redioni. Siku moja nilipewa karatasi ya tangazo la kompyuta mpya, yenye mfumo tofauti kabisa. "Mimi nimehama," nilisema kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni, kisha nikacheka kidogo. "Wewe unangoja nini?"

Sikuwa nimehama popote. Kompyuta yenyewe sikuwahi hata kuigusa.

Baada ya wiki tatu mjomba akanipigia simu. "Mwanangu, njoo. Huyu mgeni wako amenuna, hataki kusema na mimi."

Nilimkuta mezani, hedifoni shingoni, kompyuta mpya mbele yake. Nilihangaika nayo kutwa nzima. Kumbe programu yake haikutengenezwa kwa mfumo ule. Iliyokuwemo ilisoma Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nilimpa fundi mmoja, akaifungua akachukua vyuma."

"Sasa mjomba, mbona hukuniuliza kwanza?"

Akashangaa. "Nikuulize nini tena? Si wewe uliyeniambia, kila asubuhi baada ya taarifa ya habari? Nikasema, wengine watanidanganya, lakini si mtoto wa dada yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ningeweza kunyamaza, uso wangu hakuuona.

"Nilikuwa nasoma karatasi tu, mjomba. Mimi mwenyewe natumia kama ile uliyoigawa."

Akapapasa ukingo wa meza. Kisha akauliza, "Na kile kicheko?"

"Kiliandikwa pia."

Alitikisa kichwa polepole. Afadhali angenigombeza.

Nilimpa kompyuta yangu, tukaweka programu yake siku hiyo hiyo. Lakini maji yalikwishamwagika: kesi alizochelewesha zilikuwa zimepelekwa kwa mwandishi mwingine, na tangu hapo mahakama inamletea chache tu.

Hajanilaumu hata mara moja. Juzi nilimsomea barua yake ya kliniki, akanishukuru na kuniombea dua. Nilipokuwa nafunga geti, nikamsikia akimwita jirani dirishani:

"Hebu njoo unisomee hii barua."