Tulipowakemea Wafomori Hässelby

Wiki moja kabla ya ubatizo wake, mjukuu wangu Anitha aliniambia haingii ziwani. Baba wa rafiki yake, mtu wa Ayalandi, alikuwa amewasimulia habari za Wafomori: majitu ya kale ya kwao, yatokayo baharini, mengine yana mguu mmoja na mkono mmoja, na kila mwaka yalidai watoto kama kodi. Mfalme wao ana jicho moja ambalo likifunguliwa, jeshi zima huanguka.

“Hiyo ni hadithi,” nikamwambia.

“Najua, Bibi. Miguu yangu ndiyo haijui.”

Akamweleza pia Mzee Gratien, mbatizaji wetu. Kanisani kwetu mtu hazamishwi kabla ya kuombewa, na pepo hukemewa kwa kutajwa jina lake. Basi Jumamosi, ufukweni mwa ziwa la Hässelby, mtaa wetu huku ughaibuni, Gratien akafumba macho akanguruma: “Fomori, toka! Wewe wa jicho moja, toka!” Kanisa zima likaitikia. Mbwa wa watu wakabweka.

Mimi sikufumba macho. Nilimtazama mtoto. Kila jina lilipotajwa, alirudi nyuma. Aliona watu wazima wanayaogopa majitu ya hadithi. Kwa nini yeye asiogope?

“Mzee Gratien, inatosha.”

“Mama Dafrosa, mtoto ana pepo la maji. Habatizwi leo. Tutafunga na kumwombea mpaka limtoke.”

Nikajua jina hilo likimkaa, ataitwa mwenye pepo mpaka siku ya harusi yake.

“Hana pepo. Ana hofu, na nyinyi mnaikaribisha chai.”

Nikavua viatu, nikakaza kitenge, nikaingia majini. Kuogelea sijui. Maji ya Mei huku yanauma hadi kwenye meno. Nikaenda mpaka yakafika kifuani.

“Bibi, toka! Watakuchukua!”

“Wanichukue. Watakuta magoti mabovu na kisukari.”

Mtu akacheka.

“Wanataka watoto, si wazee!”

“Basi watapitia kwangu kwanza. Bwana yuko nami humu.”

Gratien akanyoosha mkono anivute, nikaukataa. Nilikwishaamua: sitoki mpaka mtoto aingie. Nikaanza kuimba pambio.

Anitha akaja. Kanzu yake nyeupe ilivimba majini, meno yakigongana. Akanipita bila kunishika, akasimama mbele yangu, akageukia ufukweni.

“Mzee, njoo basi. Usiwaite tena. Nibatize tu.”

Gratien akaanza kuvua soksi.