Ngoma ya Makoye

Siku Makoye alipozikwa, mwaka wa hamsini na mbili, zamu ya kulima ilikuwa imefika shambani kwake mwenyewe. Vijana waliweka majembe chini, wakachimba kaburi, wakaenda zao. Yeye ndiye aliyekuwa nsumba ntale, mkuu wa kundi lao la kulima kwa zamu, na ngoma ya kuwaongoza ilibaki imetundikwa ukutani kwa mjane wake, Justa. Wiki tatu baadaye, pamba ya Justa haikuonekana kwa magugu.

Baraza la wazee lilimchagua Thobias ashike nafasi ya Makoye, kwa kuwa alisoma hadi darasa la nne. Akaja na filimbi na karatasi ya majina, akasimama kivulini. Siku ya kwanza walifika watu kumi na wawili. Siku ya tatu alifika yeye na filimbi yake.

Baraza likakaa tena. Justa aliketi nyuma na wanawake.

"Tumngoje mpwa wangu arudi kutoka mgodi wa Mwadui," alisema mzee Ngassa, mwanangwa, mkuu wa kijiji. "Ana viatu, anajua kusimamia watu."

"Viatu vitapalilia?" mwanamke mmoja akanong'ona. Wenzake wakabana kicheko.

"Makoye alizaliwa vile," Ngassa akaendelea. "Mtu wa namna ile hapatikani kila mwaka."

Justa akasimama. "Shikamoo, baba. Hakuzaliwa vile."

"Marahaba, Mama Herman. Wewe una msiba, keti."

"Msiba ninao, na magugu ninayo! Kila siku, ikibaki mistari miwili, Makoye alimpa mtu mwingine ngoma awaongoze wenzake. Leo huyu, kesho yule. Nani walimwita mvivu? Nani walimkataza, wakasema ngoma haichezewi? Ninyi hapo. Alikuwa anaotesha viongozi, mkang'oa miche. Leo mnashangaa shamba ni tupu!"

Justa akawageukia waliokaa.

"Waliowahi kupewa ngoma ile wanyooshe mikono," akasema Justa.

Ikanyooshwa mikono tisa, na mmoja ulikuwa wa Bernadina, binti aliyekuwa akiwapelekea wakulima maji.

Thobias akapekua karatasi. "Huyu hayumo humu."

"Tumeona," akajibu Justa.

Sasa ngoma hubadilisha mikono kila Jumatatu. Wiki hii anaipiga Bernadina. Wameanzia kwa Justa, ambako nusu ya pamba imekwisha kufa.